Umepata apartema kwenye imeble ya zamani hapa Bukavu? Fanya hivi kabla hujalipa, na hivi ukishaingia

Jambo ndugu zangu, bamama na bapapa. Juzi yaya mmoja ameniuliza kama achukue apartema kwenye zile imeble (majengo ya ghorofa) za zamani hapa komini ya Ibanda, zile zenye kona za mviringo na balkoni za simenti, Wabeleji walizijenga mji ukiwa bado unaitwa Costermansville. Nimemjibu kwa simu lakini simu haikutosha, vitu ni vingi, na mimi niko ndani ya moja mwaka wa kumi na moja sasa, etaje (ghorofa) ya pili, na ninaipenda kweli. Kuta nene, usiku humsikii jirani akikohoa, plafo (dari) iko juu, jua la saa nane halikuchomi, asubuhi unafungua dirisha unaona ziwa. Lakini ukiingia bila kujua, unaweza kumaliza pesa zote kwa rangi na bado watoto wanalala chini ya maji.

Makaratasi kwanza, na hapa usione haya. Mwenye nyumba akuonyeshe sertifika danrejistrema, yaani hati ya umiliki. Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 udongo ni wa Serikali, mtu anapewa konsesio (haki ya kuutumia), na jina lake liko kwenye hiyo sertifika. Ninakaza hapa kwa sababu hizi imeble zimepita mikono mingi: wenyewe wa kwanza wengi waliondoka wakati wa uhuru na vurugu za baadaye, halafu tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu akatangaza zairianizasio, mali za wageni zikapewa watu wengine, baadhi zikarudishwa miaka iliyofuata, zingine zikauzwa tena, wazee wakafariki na watoto wakagawana kila mmoja etaje yake. Unalipa garanti (pesa ya dhamana) kwa mtu, mwezi wa tatu anatokea mwingine na karatasi yake. Linganisha jina na kitambulisho, na kama ni mali ya familia uliza nani ana prokurasio (karatasi ya kuwawakilisha) ya wote. Halafu garanti yenyewe: sheria ya mwisho wa mwaka 2015 juu ya kupanga nyumba inasema kwa nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Ukiombwa 6 mtajie sheria kwa upole, na kama unakubali kulipa zaidi basi iandikwe kwenye kontra, kila dola, pamoja na hali ya nyumba siku ya kuingia, na picha za kuta, plafo, choo na madirisha.

Kwenda kuiona, nenda mvua ikinyesha. Sisi tuna mvua toka mwezi wa tisa mpaka wa tano, huwezi kukosa siku. Wakati wa kiangazi kila apartema ni nzuri na komisioneri (dalali) anajua. Ingia, nusa. Angalia kona za juu za kila chumba, nyuma ya kabati, chini ya madirisha. Piga hodi kwa mama anayeishi chini, msalimie vizuri, keti kidogo, yeye ndiye anajua imeble inavuja wapi. Fungua robine (koki) zote pamoja, sababu zile tiyo (mabomba) za chuma za zamani zinaliwa na kutu kwa ndani mpaka tundu linabaki dogo, kwa nje unaona tiyo nene na maji yanatoka kama uzi. Uliza pia maji ya REGIDESO, kampuni ya maji ya Serikali, yanapanda saa ngapi. Kwetu ni usiku, saa nane mpaka saa kumi, na lazima mtu aamke.

Sasa kitu chenye kimeniuma sana: paa. Imeble nyingi za wakati ule ukiwa barabarani unadhani paa ni bapa, kumbe ni ukuta umepandishwa kuficha manjanja (mabati), na kati ya ukuta na manjanja kuna mfereji. Majani, kiota cha ndege, mfuko wa plastiki, kitu chochote kikiziba pale maji hayana pa kwenda, yanaingia ndani ya ukuta, yanashuka polepole na yanatokea kwako etaje mbili chini, mahali wewe unafikiri ni tiyo ya choo. Nilipaka rangi chumba cha watoto mara tatu kwa miaka miwili. Fundi mmoja alisema ni unyevu wa ziwa, mwingine akapasua ukuta wa choo chote akitafuta tiyo, na mtoto wangu wa pili alikuwa anakohoa kila usiku. Siku tulipanda na zamu (mlinzi) wa imeble tukatoa ndoo nne za matope na majani. Baada ya wiki tatu ukuta ukaanza kukauka wenyewe. Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa nane, kabla ya mvua za kwanza, mtu apande asafishe, na tena mwezi wa kwanza. Na maji ya gutiere, ule mfereji wa paa, yapelekwe na tiyo mpaka kwenye kanivo (mtaro) ya barabara, yasimwagike kwenye msingi, yasielekezwe kwa jirani wa chini ya mlima, mji wetu ni miteremko mitupu na tumeshazika watu wengi kwa sababu ya udongo uliolowa.

Nani apande? Hapo ndipo imeble zinakufa, kwa sababu paa haina mtu. Huko New York majengo mengi ya kabla ya vita vya pili vya dunia yako kwenye mtindo wanaouita ko-op: haununui apartema, unanunua hisa za kampuni yenye imeble nzima, hizo hisa zinakupa haki ya kukaa kwenye apartema yako, kamati ya wakaaji inakuhoji kwanza kabla ya kukukubali, na kila mwezi unatoa mchango wa paa, asansere, kodi na mengine. Kwetu kila etaje iko na mwenyewe na mwenyewe mara nyingi yuko Kinshasa au Ulaya, lakini ule mchango tunaweza kuanza kesho asubuhi bila kampuni yoyote. Sisi tuko milango 9, tulianza na dola 5 kwa mlango kila mwezi, kwa mwaka ni dola 540, na hizo zimetengeneza mfereji, taa za eskalie (ngazi) na kunyonya foso septike (shimo la choo). Si likelemba (upatu), hakuna wa kuzibeba. Mama wa etaje ya kwanza anashika pesa, mwalimu wa etaje ya tatu anashika kaye (daftari), na hakuna siku mtu mmoja atakaa na vyote viwili. Bila fakture (risiti) hakuna kutoa. Wa chini atasema paa haimhusu na wa juu atasema foso haimhusu, msigombane, mwiteni siku ya kupanda aone na macho yake, kwetu yule aliyekataa zaidi ndiye leo anatukumbusha tarehe. Ila matengenezo makubwa, kama kubadilisha manjanja, ni ya wenye nyumba, mwandikieni barua wote pamoja, na kama mnakubaliana mlipe ninyi halafu mkate kwenye kodi, msikate hata dola moja kabla hajasaini.

Ndani ya apartema yako, nenda polepole. Plasta ya zamani mara nyingi ina chokaa, inapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukiifunika na simenti kali na rangi ya mafuta maji yanafungiwa ndani na baada ya mwaka yote inabanduka pamoja na vipande vya tofali, basi tafuta fundi mzee anayejua kuchanganya chokaa na mchanga. Rangi za zamani usizipige msasa kavu, zinaweza kuwa na risasi (ile madini ya sumu, plombi), zilowanishe na watoto wasiwe hapo. Karatasi ngumu za kijivu za Eternit kwenye paa au plafo usizikate wala kuzitoboa, zile za zamani zina amianti (asbesto) na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Madirisha ya chuma usiyatupe tafadhali! Yasugue kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, weka mastiki mpya, yatakuzika wewe. Na sakafu ya granito ni sabuni na maji tu, asidi inaila.

Sisterne (tangi la maji). Kila mtu akichoka na maji ya usiku anafikiria kuweka sisterne ya lita 1,000 kwenye balkoni. Lita 1,000 ni kilo 1,000, ni kama umesimamisha wanaume kumi na tano pale usiku na mchana, kwenye balkoni ya zamani ambayo vyuma vyake vya ndani hujui vimeliwa na kutu kiasi gani. Sisterne ikae chini kwenye ardhi na pompu ndogo ipandishe. Kama huna pompu, bidoni za lita 20 zipange moja moja kandokando ya ukuta mnene, zisiwe rundo katikati ya chumba.

Kuran (umeme) pia, waya za wakati ule zilikuwa za taa na redio, leo unaziwekea resho (jiko la umeme), frigo na pasi pamoja. Ukigusa ukuta karibu na priz (soketi) ukasikia joto, zima, ita elektrisie abadilishe waya na aweke disjonkteri (swichi inayojizima yenyewe) na tere (waya wa ardhini), na kuran ikirudi baada ya delestaje (mgao wa umeme) subiri dakika kadhaa ndiyo uchomeke frigo. Kuran ikikosekana mbabula (jiko la makala) isiingie chumbani na madirisha yamefungwa, moshi wa makala usioonekana unaua mtu usingizini.

Mwisho, nyufa. Wengi tunakumbuka asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipotukuta watu wakiwa kanisani. Imeble yetu ilisimama, lakini ufa wa jikoni kwangu wazee wanasema ulianza siku ile. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikuogopeshe. Ule unaopita kwenye tofali, mshazari, unaoingia kidole, au unaokuja pamoja na mlango usiofunga tena, huo mwite injinia kabla ya fundi wa rangi. Kujua kama unatembea, chora mstari wa penseli kuuvuka na uandike tarehe kando, pima upana na rula, rudi kila baada ya miezi mitatu na hasa baada ya mvua kubwa au kutikisika. Wa kwangu una mistari minne, wa mwisho ni wa mwezi wa tano, na bado ni milimita 2.