Jinsi ya kuahirisha kutua kwa Cessna 172 flapu zikiwa zimeshushwa zote

Katika matoleo ya zamani ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, flapu (vibao vinavyoshushwa nyuma ya mabawa wakati wa kutua) hushuka hadi digrii 40, na hapo ukinzani wa hewa huwa mkubwa kiasi kwamba injini, hata ikipewa nguvu zote, huipandisha ndege kwa shida. Katika kiwanja kilicho juu kama Wilson, Nairobi, takribani mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi huzidisha shida hiyo.

Ukiamua kutotua, sukuma mpini wa nguvu za injini hadi mwisho, funga joto la kabureta (hewa ya moto inayozuia barafu kwenye kifaa kinachochanganya hewa na mafuta), na papo hapo pandisha flapu hadi digrii 20. Sukuma usukani mbele kwa nguvu ya kutosha, kwa sababu ndege ambayo trimu yake (kirekebishi cha mkao wa pua) imewekwa kwa ajili ya kutua huinua pua yenyewe nguvu zikiongezwa. Usipandishe flapu zote kwa mkupuo karibu na ardhi, kwani ndege itashuka ghafla. Zilizobaki zipandishe hatua kwa hatua, mwendo ukiongezeka na vikwazo vikiwa vimepitwa.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni la uamuzi: rubani huona miti mbele, akavuta usukani. Mwendo ukiwa mdogo, kuvuta huko huongeza ukinzani, mwendo hupungua zaidi, na hatimaye mabawa hushindwa kuibeba ndege. Kwa hiyo chagua mapema, kabla ya kukaribia, mahali ambapo lazima magurudumu yawe yamegusa ardhi. Ukipapita ukiwa bado hewani, ahirisha kutua bila kusubiri.