Jinsi ya kupiga hesabu ya Nairobi bila kujidanganya

Hii ni ya mtu anayepanga kuhamia Nairobi, na pia ya yule amekaa hapa miaka lakini mshahara ukifika tarehe kumi hivi umeisha na hajui umeenda wapi. Hakuna hesabu ngumu hapa, ni kujumlisha tu, shida ni kwamba ukijumlisha vizuri unakutana na mambo ambayo sisi wakaazi wote tunayajua na hakuna mtu hutaka kuyataja, haswa mbele ya watu wa ushago, kule kijijini tulikotoka.

Anza na stetimenti ya M-Pesa. Piga *334#, ingia kwa akaunti yako, omba ya miezi sita, itatumwa kwa imeili na namba ya siri ya kuifungua itakuja kwa SMS. Usichukue ya mwezi mmoja, ju mwezi mmoja utapata kisingizio, kulikuwa na matanga, mtoto aliugua, ilikuwa Januari. Miezi sita haina kisingizio. Sasa chukua kalamu uweke alama kila mahali ulilipia kitu ambacho serikali, ile kubwa ama ile ya kaunti, ilikuwa ishakukata pesa yake. Mtungi wa maji wa jamaa wa mkokoteni, alama. Mchango wa soja wa geti, alama. Karo ya akademi wakati shule ya serikali iko hapo ng'ambo ya barabara, alama. Jamaa wa takataka, alama (na hizo takataka zinaenda Dandora, dampo lililofunguliwa 1975 na likatangazwa limejaa 2001, bado tunapeleka tu). Alafu weka karatasi ya mshahara kando ya hiyo stetimenti uone PAYE (kodi ya mapato), NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 1.5 ya nyumba, asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya).

Jumlisha zile alama. Hiyo ndio bei halisi ya kuishi hapa, tunalipa mara mbili, na kulipa mara mbili kila mtu hulalamikia, hiyo haiumi sana. Yenye inauma ni hii: mtu akishaweza kulipa hiyo mara ya pili, ananyamaza. Flati ikichimba kisima chake, wapangaji wanaacha kuuliza maji ya kanjo, yaani ya kaunti, iko wapi. Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, ilipofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, wengi wa wale walikuwa wanapiga kelele zaidi kuhusu jamu ya Mombasa Road walipanda juu wakatulia, na chini matatu ziko palepale. Kila mtu Nairobi anatafuta mlango wake wa kutoka, na akiupata anaufunga nyuma yake. Kwa hivyo ukipiga hesabu weka safu mbili, moja ya vitu unalipia ndio uishi na nyingine ya vitu unalipia ndio usiwe kama majirani, utashangaa ile ya pili ni refu namna gani.

Sasa nyumba, hapa nitakaa kidogo.

Usiende kuona nyumba Jumamosi saa nne asubuhi jua likiwaka, hapo kila nyumba ni poa. Nenda siku moja baada ya mvua kubwa, na urudi tena usiku. Mvua itakuonyesha barabara ya ndani inakuwaje, maji machafu yanatokea wapi, na ukutani chini utaona ule mstari wa matope penye maji yalifika, mara nyingi wamepaka rangi juu yake lakini rangi mpya inayoishia magotini ni ya kuuliza maswali. Usiku utajua stima iko vipi, kelele ni ya nani, na kutoka steji hadi kwa geti kuna taa ngapi. Na usimuulize keateka, yule msimamizi wa jengo. Keateka anataka nyumba iende. Muulize mama mboga aliye mkabala na geti, yeye anajua ni nani amehama mwezi uliopita na kwa nini, lakini nunua kitu kwanza, hata kama ni dania ya kumi.

Maji usiulize kama yapo. Kila mtu atakuambia yapo. Uliza yanakuja siku gani, na ni ya kanjo ama ni ya chumvi ya kisima. Alafu tembea kwenye korido uangalie milango, ukiona kila mlango uko na mitungi mitatu minne imepangwa basi hapo maji ni ya mgao, haijalishi umeambiwa nini. Angalia juu ya paa uhesabu matangi meusi dhidi ya idadi ya nyumba. Kampuni ya maji ya Nairobi huwa na ratiba ya mgao mtaa kwa mtaa, itafute usome mtaa wako, na mtaa wa kifahari hauponi, Kilimani na Kileleshwa nyumba moja ya zamani yenye bustani ilibomolewa ikapandishwa flati ya ghorofa kumi na kitu, na mabomba ya barabarani yalipimwa kwa ile nyumba moja, ndio maana boza za maji haziishi huko.

Sababu si siri. Maji mengi tunayokunywa yanatoka Ndakaini huko Murang'a, bwawa lililokamilika 1994. Sensa ya 1999 ilihesabu Nairobi watu kama milioni 2.1, ya 2019 ikapata 4,397,073. Hata ungekuwa na kaunti ya malaika hapo kuna shida. Na maji ya visima vya hapa mengi yako na floraidi nyingi, mtoto akiyanywa miaka yake ya kwanza meno yanatoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka, kwa hivyo kama nyumba ni ya kisima weka kwa bajeti maji ya kunywa ya kununua, kila mwezi, usiseme utachemsha, kuchemsha hakutoi floraidi.

Kitu ingine ni jengo lenyewe. Huruma, Aprili 2016, ghorofa ilianguka usiku wa mvua ikaua watu zaidi ya 40, na ilikuwa tayari imetajwa kati ya majengo yasiyofaa kukaliwa. Watu walikuwa ndani kwa sababu kodi yake waliiweza. Hapo ndio tunajidanganya zaidi, tunasema landilodi ni mbaya na ajenti ni mbaya na kanjo wanakula hongo, ni kweli yote, lakini pia sisi tunaona nyufa, tunaona X nyekundu ya kubomolewa ukutani, tunauliza, "Ni ngapi kwa mwezi?" Angalia nguzo za chini, angalia kama ghorofa za juu zinaonekana ziliongezwa baadaye, angalia umbali na mto. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliingia kubomoa kando ya mito ya Nairobi, na mpangaji ndiye alitoka na godoro, diposti haikurudi. Ukienda Pipeline kule Embakasi utakuta vyumba taa inawashwa saa sita mchana ju dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Hiyo tokeni ya stima ya mchana pia ni kodi, iongeze kwa kodi.

Kama ni kununua ploti na si kupanga, soma tu vile ilivyoenda Syokimau Novemba 2011, watu walijenga, wakahamia, wakaja wakabomolewa kwa sababu ardhi ilisemekana ni ya uwanja wa ndege, na karatasi walikuwa nazo. Fanya utafutaji rasmi wa hati wewe mwenyewe, si wakili aliyeletwa na muuzaji.

Usafiri. Matangazo yakisema "dakika 20 kutoka tao" hiyo ni Jumapili asubuhi, saa hiyo hata Thika Road unaweza kulala katikati. Kabla ya kulipa diposti fanya safari mbili, ya Jumanne uwe kwa steji saa kumi na mbili asubuhi, na ya kurudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ikinyesha ndio bora. Andika saa na andika nauli. Nauli ya bajeti ni ile ya jioni ya mvua, ile makanga anaita akiwa amesimama mlangoni na hakuna kujadiliana, si ile ya saa tano asubuhi ambayo wewe hutawahi kuipanda. Alafu zidisha masaa kwa siku za kazi uone ni masaa mangapi kwa mwezi, na uamue kama ile nafuu ya kodi Kitengela ni nafuu kweli. Wengine watapata ni nafuu, sikatai, mimi sipendi tu mtu akihesabu shilingi na kusahau masaa. Na kuna wale ambao hawapandi kitu kabisa, pita Jogoo Road alfajiri uone vile watu wanamiminika kwa miguu kuelekea Industrial Area, hayo si mazoezi.

Tukiwa hapo hapo, jua uko kaunti gani. Ruaka na Githurai 45 ni Kiambu, Rongai na Kitengela ni Kajiado, Syokimau na Mlolongo ni Machakos. Watu wengi wanajiita wa Nairobi na wanamtukana gavana wa Nairobi kwa barabara ambayo si yake.

Simu kwa haraka: usiongee na simu dirishani matatu ikiwa imesimama kwenye jamu, na usinunue simu ya bei ya kutupwa kwa jamaa hana risiti. Haya mawili ni kitu kimoja. Mwizi anaiba kwa sababu mnunuzi yuko, na mnunuzi ni sisi wa kulalamika usalama umezorota.

Sasa lile ambalo nyumba nyingi halitajwi mezani. Kama uko na dada wa kazi, ama unapanga kumwajiri ndio urudi kazini, weka mshahara wake wa sheria kwa hesabu kabla ya kitu kingine. Agizo la 2022 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi shilingi 15,201.65 kwa mwezi, na 2024 ikaongezwa asilimia 6, ikawa 16,113.75. Hapo bado NSSF na SHIF yake, siku moja ya kupumzika kwa wiki, likizo ya mwaka. Waulize marafiki zako wanalipa ngapi uone venye mada itabadilishwa. Watu wanaoandika vizuri sana kuhusu haki na uongozi mbaya wako na msichana jikoni anaamka saa kumi na moja, analala wa mwisho, analipwa nusu ya hiyo, na wakiulizwa wanasema "lakini anakula na kulala hapa". Kama ukiweka kima cha sheria bajeti inapasuka, basi ukweli ni kwamba maisha yako hujayaweza, kuna msichana wa miaka ishirini na kidogo ndiye anayafadhili. Unaweza kuchagua wa kuja mara mbili kwa wiki na kurudi kwake, unaweza kupeleka mtoto kwa mama wa kulea wa mtaa, unaweza kupunguza nyumba kutoka vyumba viwili hadi kimoja. Lakini usiiache ile safu wazi uandike "mengineyo".

Safu ya mwisho ni nyumbani, na kwa nyumbani namaanisha ushago, ju hakuna mtu hapa husema "nyumbani" akimaanisha mtaa wa Zimmerman. Ile pesa ya kutuma, ya dawa za mzee, michango ya matanga, ile nyumba ya mabati mazuri unayojenga kule ulale siku chache za Disemba huku ukikaa bedsita mwaka mzima. Sisemi uache. Nasema iandike kama bili, kiasi kimoja kila mwezi, na uwaambie wazazi kodi unayolipa ni ngapi, kwa tarakimu. Wengi wetu hatujawahi kuwaambia, tunaona aibu, alafu tunafuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ndio tutume, na stetimenti yako itakuonyesha hizo siku moja kwa moja, Fuliza asubuhi, kutuma mchana.

Na kwa sababu nyumbani ni kule, kura pia tumeandikisha kule. Unaishi hapa siku mia tatu na zaidi, unakunywa maji ya hapa, alafu Agosti ya uchaguzi unapanda basi kwenda kuchagua MCA, mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti, wa mahali huishi. Nairobi iko na wadi 85, ukiuliza watu kumi kwa foleni ya maji MCA wao ni nani sijui utapata wangapi. Kama hutaki kuhamisha, sawa, lakini basi acha malalamiko yote yanayohusu kaunti ju hukuajiri mtu wa kuyashughulikia. Ukitaka kuhamisha, nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unalotaka kuhamia, si lile umetoka, ubebe kitambulisho chenyewe na si fotokopi, na usingoje 2027 ifike ju uchaguzi ukikaribia daftari hufungwa.