Kabla ya Kushuka Ziwani Kivu na Ndoana: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Vifaa

Mkaaji wa Bukavu anayetaka kuvua kwa burudani, awe atasimama ufukweni mwa Nguba au atakodi mtumbwi, afadhali avitazame vifaa vyake siku mbili tatu kabla, maana akishafika majini kuna mambo ambayo hayarekebishiki tena.

Aanze na karatasi. Kwa miaka mingi msingi wa sheria ya uvuvi nchini Kongo umekuwa dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937 kuhusu uwindaji na uvuvi, iliyoandikwa wakati wa ukoloni, na juu yake wenye mamlaka wa jimbo huweka maagizo na malipo yao. Kwa hiyo swali la kibali kinachomhusu mtu asiyeuza samaki halijibiwi na jirani wala na mwenye mtumbwi. Huulizwa kwenye ukaguzi wa kilimo, uvuvi na ufugaji wa jimbo, ambao wengi tunaujua kwa jina la IPAPEL. Huko aulize kama ziwa limefungwa kwa muda ili samaki wazaane, ni vifaa gani vinavyokubaliwa, na malipo yapi yana risiti. Risiti hiyo aifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka pamoja na mshipi, si nyumbani.

Wavu, kwa maoni yangu, mvuvi wa burudani auache kabisa. Ukubwa wa jicho la wavu hupimwa kwa kulivuta mpaka linyooke, kutoka fundo moja hadi fundo linalolikabili, na anayepima upande mmoja tu wa jicho anaweza kujikuta na kipimo ambacho ni nusu ya kile mkaguzi anachokitafuta. Chandarua cha mbu ni kibaya zaidi, kwa sababu hukokotwa karibu na ufuko, mahali vifaranga vya samaki vinapojificha, na hakibakizi kitu. Kuhusu baruti na sumu hakuna la kujadili: ni marufuku.

Ndoana ndiyo inayostahili kufikiriwa kwa kirefu. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi, lakini hewa ambayo samaki wanaihitaji inapatikana katika mita sitini au sabini za juu tu; chini yake maji yamejaa gesi ya kaboni na methani; tena aina za samaki wake hazifiki thelathini, ilhali ziwa Tanganyika lina mamia. Anayelichukulia ziwa hili kuwa ghala lisilokwisha amedanganywa na upana wake. Basi achague ndoana ya ncha moja badala ya ile ya ncha tatu, iwe kubwa kiasi kwamba kifaranga hakiwezi kuimeza, na akibonyeze kwa koleo kile kijino kinachoizuia isichomoke. Tilapia jike hubeba mayai na watoto wake kinywani. Akivutwa kwa nguvu huwatema, na kumrudisha majini akiwa mtupu si sawa na kutomnasa. Ukiona kinywa kimejaa, mwachilie hapohapo bila kumtoa majini, ndoana ikitoka kwa urahisi. Fimbo moja au mbili za kuvulia zinamtosha mtu anayeweza kuziangalia kwa macho yake.

Chambo nacho kina historia yake hapa kwetu. Nyungunyungu waliochimbwa karibu au kidonge cha ugali vinafaa. Samaki hai waliobebwa ndani ya ndoo kutoka Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, hawafai hata kidogo. Sambaza, wale samaki wadogo tunaowala leo, waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959 na wakawa neema, lakini mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, ambaye wanasayansi humwita Lamprichthys tanganicanus, alionekana Kivu, na sasa anagombania chakula na sambaza hao. Anayetoka kuvua ziwa moja kwenda lingine amwage maji ya ndoo hukohuko na kuvikausha vifaa vyake kabla ya kusafiri.

Mahali pa kutupia mshipi pachaguliwe mapema. Mpaka na Rwanda unapita katikati ya maji wala hauonekani kwa macho, kwa hiyo mtumbwi usiachwe uchukuliwe na upepo. Karibu na bwawa la umeme la Ruzizi pasikaribiwe. Ndugu wa Goma na Sake wakumbuke mazuku, ile gesi nzito inayokusanyika mabondeni na pwani ya kaskazini, hasa alfajiri pasipo upepo: palipo na ndege au wadudu waliokufa, mtu asikae wala asiinamie chini. Atakayefika ziwa Edward ajue kwamba upande wake wa Kongo uko ndani ya hifadhi ya Virunga, ambako fimbo ya burudani bila ruhusa ya hifadhi huhesabiwa kama kosa.

Kwenye mtumbwi, jile ya kuokolea ivaliwe, isikaliwe kama mto. Usiku, taa za mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti zikionekana, mvuvi wa burudani akae mbali, kwa maana chini ya taa hizo kuna wavu wa watu wanaotafuta chakula cha watoto wao, na ndoana moja inaweza kuupasua.

Inabaki risasi ya kuzamishia mshipi. Ni sumu kwa ndege wanaoimeza, na Uingereza ilikataza kuuzwa kwa zile ndogo mwaka 1987. Kijiwe kilichofungwa kwa uzi kinafanya kazi ileile. Vipande vya nailoni vilivyokatika viviringwe na kutiwa kwenye kopo lenye kifuniko, kwa kuwa vikiachwa kwenye mawe huishia kwenye miguu ya ndege, na ya watoto wanaooga pale.