Kuongoza Mabadiliko katika Ofisi ya Ustawi wa Jamii na Ajira: Mwongozo kwa Wakuu wa Vitengo

Mkuu wa kitengo anayetaka kubadili utendaji wa ofisi ya ustawi wa jamii, iwe katika Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, kwa kawaida huanza na mafunzo, kompyuta mpya au muundo mpya wa ofisi. Ningemshauri aanze na swali hili: kazi gani itakoma? Maafisa wengi wanaopinga mabadiliko si wavivu. Wanapinga kwa sababu kila jipya huongezwa juu ya lililokuwepo, hata taarifa ileile ikaandikwa kwenye rejesta, kwenye faili na kwenye mfumo wa kompyuta, huku foleni nje ikizidi kurefuka.

Kabla ya kuitisha kikao chochote, fuatilia shauri moja tangu mtu anapoingia getini hadi anapopata jibu. Chukua mfano wa mama wa Pasua, kata ya Moshi, aliyeachiwa watoto na mwenzake, naye anatafuta kazi. Kwa afisa ustawi anaeleza habari za matunzo ya watoto. Kwa afisa maendeleo ya jamii anaelekezwa kutafuta kikundi, ili aweze kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Akiuliza habari za ajira anaambiwa awaone TaESA (Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania), ambayo ni wakala wa serikali kuu na haiwajibiki kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kila mlango anaopita anafungua upya bahasha yake ya kaki na kutoa nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa mtaa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha anasimulia upya jambo ambalo hata mara moja lilimuuma kulisema. Mwombe mmoja wa maafisa wako aandamane naye, kwa ridhaa yake, siku nzima. Atakayoyaeleza afisa huyo mbele ya wenzake yatasikilizwa kuliko hotuba yako.

Baada ya hapo, wekeni mezani kila fomu na kila rejesta, na muulizane juu ya kila moja: nani anaisoma, na anaamua nini kwa kuisoma? Isiyo na msomaji ifutwe. Zipo zisizopaswa kuguswa, hasa kumbukumbu za mashauri ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ni vyema mwanasheria wa halmashauri azipitie nyingine kabla hamjaamua.

Hapa ndipo mabadiliko mengi yanapokwama, na sababu yake ni ya haki kabisa. Afisa anamwogopa mkaguzi. Ukimwambia kwa mdomo aache kujaza rejesta, ataendelea kuijaza kimyakimya, maana anajua kwamba hoja ya ukaguzi ikija ataulizwa yeye, na wewe pengine utakuwa umeshahamishwa. Kwa hiyo andika dokezo linalotaja rejesta kwa jina lake, tarehe ya kukoma, na mahali taarifa hiyo itakapopatikana kuanzia siku hiyo. Mkurugenzi atie saini dokezo hilo, mkaguzi wa ndani apewe nakala, na nakala nyingine ibandikwe ndani ya jalada la rejesta yenyewe, chini ya mstari wa mwisho ulioandikwa. Afisa akiiona saini hiyo, kalamu ataiweka chini bila kusukumwa.

Lipeleke pendekezo pia kwenye Baraza la Wafanyakazi mapema, kabla halijawa uamuzi. Usiwasahau mtunza kumbukumbu wa masjala na anayekaa mapokezi. Hao ndio wanaojua faili linalala wapi na kwa nini.

Kwa ofisi zisizo chini yako, amri haifai. Kinachofaa ni makubaliano ya maandishi na fomu moja ya rufaa, yaani ya kumwelekeza mtu ofisi nyingine. Iwe fupi. Anayetafutia watu kazi anahitaji jina, simu, ujuzi wa mwombaji na saa anazoweza kufanya kazi. Hahitaji kujua kwamba mwombaji alipigwa nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai uangalifu huo, lakini hata pasipo sheria, huyo mama alimwamini afisa mmoja na hakuiamini serikali nzima.

Chagua majira vizuri. Huku kwetu kazi nyingi hufuata utalii, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua, hoteli hupunguza watu, na wapagazi na wapishi wa mlimani hukaa bila safari. Hao ndio watakaoijaza ofisi. Jaribu utaratibu mpya katika kata moja mwezi Januari na Februari, ili kasoro zijulikane kabla ya msongamano huo.

Katika kupima mafanikio, idadi ya waliohudumiwa inadanganya, kwa sababu mtu aliyezungushwa mara nne huhesabiwa kama watu wanne. Hesabu badala yake ni mara ngapi mtu mmoja amelazimika kurudi kabla ya kupata jibu, hata jibu la hapana. Kipimo hicho kiingie kwenye malengo ya kila afisa katika PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Malengo yakiendelea kudai wingi wa fomu zilizojazwa, atajaza fomu, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Mwisho, jiandae kwa uhamisho wako mapema. Weka muda mpya wa kutoa jibu kwenye Mkataba wa Huduma kwa Mteja uliobandikwa ukutani, na katika hati ya makabidhiano orodhesha yaliyokoma pamoja na namba ya kumbukumbu ya kila dokezo, kwa sababu mkuu mpya atauliza rejesta iko wapi katika wiki yake ya kwanza, na afisa wa dawati awe na karatasi ya kumwonyesha.