Namna ya Kupanga Viwanja na Ratiba ya Tamasha la Ngoma za Asili Vijijini Moshi

Anayeandaa tamasha la muziki wa asili katika vijiji vya Moshi, iwe Marangu, Kibosho au Uru, mara nyingi huanza kwa kukodi jukwaa na spika kutoka mjini, kisha ndipo hutafuta vikundi vya kupanda jukwaani. Mwongozo huu unashauri kinyume chake. Orodhesha kwanza vikundi utakavyovialika, ujue kila ngoma inachezwaje na inasikikaje, ndipo uzunguke kijijini pamoja na mwenyekiti wa kitongoji kutafuta kiwanja kinachoifaa kila moja. Ngoma nyingi za kwetu huchezwa kwa duara, na anayetazama sasa ndiye atakayeitikia wimbo au kuingia kucheza baada ya dakika chache. Ukiwapandisha wachezaji juu ya mbao na kuwageuza wote waelekee upande mmoja, umeiondolea ngoma hiyo nusu ya watu wake.

Kwa tamasha la kijiji kimoja, viwanja vitatu vinatosha, navyo viwe karibu kiasi kwamba mzee mwenye mkongojo anaweza kutoka kimoja hadi kingine bila kupanda gari. Cha kwanza kiwe kikubwa na tambarare. Vijana wa Kimaasai kutoka Longido au Monduli hawaji na ngoma: sauti zao ndizo muziki, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia kwa sauti nzito za kooni huku wakipokezana kuruka, kwa hiyo wanahitaji ardhi ngumu yenye nyasi fupi, isiyo na mawe wala mashimo. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ardhi ya namna hiyo ni adimu, na mara nyingi utaipata kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi au mbele ya kanisa tu. Cha pili kiwe cha ukubwa wa kati, chenye udongo uliofagiliwa, kwa ajili ya vikundi vya Wachagga na Wapare vinavyopiga ngoma na kuvaa njuga, maana mlio wa njuga hufifia kwenye nyasi ndefu. Hapo tenga mahali pa kuwasha moto mdogo, pawe na kuni kavu na ndoo za maji, kwa sababu ngozi ya ngoma hulegea kwa ukungu na manyunyu ya mlimani, na mpigaji hawezi kuanza kabla hajaikaza kwa joto.

Kiwanja cha tatu ndicho waandaaji wengi hukisahau, ingawa kwa maoni yangu ndicho kinacholipa hadhi tamasha la kijijini. Hiki ni ua mdogo ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, chini ya migomba, panapoweza kukaa watu wasiozidi mia moja kwenye mikeka na mabenchi. Ukialika wapigaji wa zeze na marimba kutoka Ugogo, mkoani Dodoma, waweke hapa. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo kwenye majukwaa makubwa ya dunia, lakini zeze lenyewe ni chombo cha kusikilizwa kwa ukaribu, ambapo msikilizaji anasikia upinde ukigusa uzi. Hapo hapo pawe mahali pa wazee kusimulia na kufundisha nyimbo. Kumbuka tu kwamba kihamba ni urithi wa ukoo na mara nyingi kina makaburi ya wazazi. Kubaliana na familia nzima, si baba mwenye nyumba peke yake, kuhusu mahali ambapo wageni hawatakanyaga, na ulipe mapema fidia ya mibuni au migomba itakayoumia.

Baada ya kuchagua viwanja, pima sauti. Mpe mtu ngoma aipige kwa nguvu katika kiwanja cha pili, nawe ukae kimya kihambani. Ukiisikia vizuri, zeze halitasikika. Fanya jaribio hilo saa ileile itakayotumika siku ya tamasha, kwa kuwa mchana upepo wa mlimani hupanda kutoka bondeni na usiku hushuka, nao huchukua sauti. Kwa shughuli za mchana, basi, ua wa zeze ukiwa upande wa chini wa uwanja wa ngoma utapata utulivu zaidi. Ikiwa ardhi haikuruhusu, usijaribu kushindana kwa kuongeza spika: panga zamu, ngoma zipumzike zeze linapopigwa. Kwa jumla vipaza sauti viishie kwa mshereheshaji na mwimbaji kiongozi katika uwanja mkubwa. Kwingineko sauti ya watu inatosha.

Kuhusu majira, epuka masika ya Machi hadi Mei, wakati barabara za udongo hazipitiki kwa Coaster. Juni na Julai ni baridi na mawingu huku juu, jambo linalowaumiza wazee na kulegeza ngozi za ngoma. Desemba inavutia kwa sababu Wachagga wengi hurudi nyumbani, lakini siku hizo familia zimebanwa na ibada, harusi na vipaimara. Agosti mwishoni na Septemba ndizo ninazozipendekeza, ukiuliza kwanza ratiba ya mavuno ya kahawa katika kijiji husika. Barua ziende mapema kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kwa polisi.

Siku ya wiki nayo ina uzito. Jumapili usianze kabla ibada hazijaisha, iwe kwa Walutheri wa Machame au kwa Wakatoliki wa Kibosho. Jumamosi huonekana rahisi, lakini Upareni kuna Wasabato wengi, nao hawatapiga ngoma kabla jua halijazama. Waulize vikundi vyenyewe kabla hujachapisha tangazo.

Ratiba yenyewe ifuate jua. Asubuhi, tangu saa tatu, iwe ya kihambani: watoto wa shule na wazee, mafunzo ya nyimbo, hadithi na zeze. Mchana watu wapumzike na mama lishe wauze chakula. Ngoma kubwa zianze saa nane na kukoma saa kumi na mbili kasorobo, kwa kuwa giza huingia muda mfupi baadaye na watu wana njia ndefu za miguu. Kila kikundi kipewe dakika arobaini na tano. Vikundi ishirini vya dakika kumi kila kimoja ni makosa, kwa sababu ngoma huchukua muda kuchangamka, na kikundi kilichosafiri kutoka Same hakistahili kuondolewa uwanjani ndipo kinapoanza. Vikundi vinane kwa siku, katika viwanja vyote, ni vingi vya kutosha. Vya wazee vitangulie, wakati nguvu zao bado ziko juu.

Mgeni rasmi apewe muda wa hotuba katikati ya ratiba, na barua ya mwaliko iseme wazi kwamba ngoma zitaanza kwa saa iliyotangazwa hata akiwa bado njiani. Nasisitiza hili kwa sababu anayeumia kwa kusubiri ni mchezaji aliyesimama juani na njuga miguuni. Mbege, yaani pombe ya ndizi, kama itauzwa, iwekwe mbali na wachezaji na baada ya kupata kibali.

Kabla ya kupanga wimbo wowote, waulize wazee wa mila au laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamaasai, kama unaruhusiwa kuimbwa mbele ya kila mtu. Baadhi ya nyimbo za jando na za matambiko haziruhusiwi. Makubaliano ya malipo, nauli, chakula na malazi yaandikwe, na fedha zitolewe siku hiyohiyo mbele ya kikundi kizima. Kurekodi kuombewe idhini peke yake, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi dhidi ya matumizi ya kibiashara yasiyo na ruhusa. Nakala ya kila kilichorekodiwa ipelekwe kwa kikundi husika na nyingine ibaki shule ya kijiji, ndani ya mwezi mmoja baada ya tamasha.