Milima na barabara mbovu kwenye triathloni ndefu, jinsi ya kujiandaa ukiwa Dar

Wengi wetu hapa Dar tunajidanganya na tambarare. Kila Jumamosi Bagamoyo Road kwenda na kurudi, lami safi, unaona spidi 32 unajiona mkali, afu unaenda kwenye mashindano yenye milima na kokoto unaumbuka kilomita ya 60 tu. Na hizi ndefu ndo mbaya zaidi, full ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kukimbia 42.2, nusu yake ni 1.9, 90 na 21.1, kwa hiyo mlima ukiuvamia kwa fujo haukumalizi pale pale, unakuja kukudai deni kwenye kukimbia.

Anza na gia. Mimi nilianza na baiskeli ya mtumba yenye meno 39 mbele na 25 nyuma, kule Goba nikawa nasimama kwenye pedeli kila kilima. Piga hesabu: kwa gia hiyo ukizungusha mara 75 kwa dakika lazima uwe kwenye spidi 15 hivi, na mlima mkali nani anaweza 15 bana? Ukiweka 34 mbele na 32 nyuma, mizunguko ile ile inakupa spidi 10, magoti yanapumua. Na ubadilishe gia kabla mlima haujakukaba, ukisubiri mpaka umeshakandamiza kwa nguvu zote cheni inaweza kuchomoka na utaipandisha kwa mkono huku wenzio wanapita.

Tairi achana na zile nyembamba za upana wa milimita 23, weka 28 kama fremu inaruhusu, na upepo usijaze mpaka iwe jiwe. Mtu wa kilo 70 anaweza kuanzia psi 70 hivi (psi ni kipimo cha upepo kwenye pampu), njia ikiwa mbovu anashusha kidogo kidogo huku anajaribu. Usishushe kupita kiasi tu. Ukipata pancha ukakuta vitundu viwili vimekaa sambamba kwenye tyubu, huo sio msumari, ni upepo mdogo, ulipiga shimo tyubu ikabanwa na rimu.

Matuta ya rasta nayo yana somo lake. Siku moja nimelalia vile vishikio vya mbele vya kuegemeza viwiko, sijui nawaza nini, nikaingia kwenye rasta hivo hivo, chupa zote mbili zikaruka, moja ikakanyagwa na bajaji, nikamaliza saa nzima na kiu. Sa hivi kila chupa nimeifunga na mpira wa tyubu kuukuu, fundi anakukatia bure. Ukiona njia imeharibika mbele, mikono irudi kwenye usukani, pedeli zote mbili ziwe usawa mmoja, nyanyua makalio kidogo, viwiko na magoti vilegee baiskeli icheze chini yako. Kukaza mikono ndo kunakuangusha. Kwenye mchanga usikate kona wala usibane breki ya mbele, nyoosha tu, endelea kuzungusha taratibu.

Kwenye mlima wenyewe, kipande cha kwanza ndo kinawaua watu maana miguu bado ina raha. Kipimo changu ni mdomo: nikishindwa kusema sentensi nzima nimezidisha, napunguza, wapite tu wanaopita. Kama ni mlima wa udongo kaa kwenye siti, ukisimama tairi la nyuma linakosa uzito linateleza. Kushuka, punguza spidi kabla ya kona, sio ndani ya kona, na angalia mbali, jicho likiganda kwenye shimo na baiskeli inaenda huko huko.

Kula na kunywa kabla ya mlima, pale pa tambarare, huko juu unahema na mikono ina kazi. Gramu 60 za wanga kwa saa ni pa kuanzia pazuri, mi natumia tende na kashata, jeli, zile pakiti za sukari nzito za wanamichezo, nabakiza za mwishoni.

Mazoezi? Nenda Pugu mpaka Kisarawe alfajiri, kabla daladala hazijachangamka, na usiende peke yako. Au Goba na Madale, lami ina vilima vifupi vingi, ukitaka mateso zaidi unaingia mitaani kwenye vumbi na makorongo. Mlima ule ule rudia mara 5, ya 5 iwe na muda sawa na ya 1, ikizidi sana ujue ulianza na mzuka.

Ukifika nyumbani usikae. Vaa raba ukimbie dakika 20 hapo hapo, miguu ikiwa bado mizito kama magogo, na kilima cha kwanza ukipande kwa hatua fupi fupi, ukiona mapigo yanapanda kichaa tembea haraka mpaka juu, afu endelea kukimbia.