Wiki nane mtaani: namna ya kumfundisha mpangamiji mchanga kurasimisha makazi

Mwanafunzi wa mipangomiji anayetoka Chuo Kikuu Ardhi amesoma miaka minne na kuchora michoro isiyohesabika. Asichokuwa nacho, mara nyingi, ni ujuzi wa kumweleza bibi mwenye nyumba kwamba mita moja ya baraza lake inahitajika ili gari la majitaka lipite. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya nyumba zao zilisimama kabla ya mchoro wowote. Kazi atakayoikuta akiajiriwa ni hiyo ya bibi na baraza, yaani urasimishaji: kupanga nyumba zilizokwisha kujengwa ili zitambulike kisheria, kuliko ya kugawa viwanja kwenye pori tupu.

Mwongozo huu ni wa afisa mipangomiji wa halmashauri, au kampuni ya upangaji, anayepokea wanafunzi wa vitendo wawili hadi wanne. Wakizidi wanne wanakuwa msafara, na watu wanafunga milango.

Kuchagua eneo

Usiwape mtaa mzima. Nyumba 60 hadi 80 zinatosha. Wawili wakifanya kazi pamoja humaliza nyumba nane hadi kumi kwa siku kama dodoso ni fupi, kwa hiyo nyumba 80 ni siku nane au kumi za kugonga milango, na hapo mvua haijawasimamisha. Eneo liwe na angalau barabara moja ya gari, njia moja isiyotokea popote, na mtaro au bonde. Likikosa kimojawapo, mwanafunzi atarudi chuoni akiamini kazi ni rahisi.

Kabla ya mguu wowote kutoka ofisini, tafuteni michoro ya zamani. Hili ndilo kosa linalogharimu kuliko yote: eneo linaonekana halijapangwa, kumbe lina mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa zamani, na mahali zilipo nyumba 20 leo mchoro unasema uwanja wa wazi au shule. Mchoro wa aina hiyo hufanyiwa marekebisho kwa utaratibu wake. Ukichora mpya juu yake kana kwamba haupo, kazi itarudishwa baada ya miezi. Ulizeni pia kama kuna viwanja vilivyokwisha kupimwa humo ndani. Mara nyingi vipo viwili vitatu, vya watu waliojilipia wenyewe. Msianze wakati wa kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa, kwa kuwa kila kipimo kitapewa chama.

Sheria kwa Kiswahili, na futi kamba begani

Wiki ya kwanza ina mambo mawili. La kwanza ni sheria, kwa kipimo: Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007; vifungu vya 56 hadi 60 vya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, vinavyohusu urasimishaji. Na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa na bahari. Kila mmoja apewe kimoja, akisome usiku, kesho akieleze kwa dakika kumi bila neno hata moja la Kiingereza. Wengi hukwama dakika ya pili. Afadhali wakwame ofisini, maana kwenye mkutano wa mtaa hakuna atakayewasubiri.

La pili ni kutembea: Kariakoo, Sinza na Manzese, siku moja, na futi kamba ya mita 50. Kila mahali wapime upana wa njia tatu, ukuta hadi ukuta. Lami peke yake haisemi kitu. Halafu wahesabu, kutoka nyumba ya ndani kabisa, nyumba ngapi unapita kabla ya kufika panapofika gari. Kariakoo ilinyooshewa mitaa tangu enzi za Wajerumani. Nyumba za udongo zimeondoka, zikaja za bati, sasa ni ghorofa, lakini mitaa ni ileile. Sinza ni ya mradi wa viwanja vyenye huduma wa miaka ya 1970. Manzese iliboreshwa katika mradi huohuo, ila huko nyumba zilitangulia, barabara zikatafutiwa upenyo. Mwanafunzi akishika hili tu, kwamba nyumba hubadilika na njia hubaki, amejua atumie wapi nguvu zake wiki saba zilizobaki.

Kuingia

Barua ya utambulisho kutoka halmashauri inapita kwa mtendaji wa mtaa, kisha mwenyekiti, kisha wajumbe wa mashina. Msimruke mjumbe. Ndiye aliyeshuhudia karatasi nyingi za mauziano, na ndiye anayejua nyumba ipi ina kesi ya mirathi.

Wafundishwe kujitambulisha. Ukisema mlangoni "mimi ni mpangaji", utaulizwa umeleta kodi ya miezi mingapi. Semeni "tumetoka halmashauri, tunapima njia". Neno "kupima" peke yake linatisha, kwa kuwa kwa wengi kupimwa ni dalili ya kubomolewa.

Ramani ya msingi

Picha ya droni ambayo kila nukta yake ni sentimita tano ardhini inatosha kabisa. Vibali vya kurusha, kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga na upande wa ulinzi, viombwe mapema kuliko mnavyodhani, hasa maeneo ya Kipawa na Vingunguti yaliyo jirani na uwanja wa ndege. Chapisheni kwa kipimo cha 1:500 kwenye karatasi ya A1: karatasi moja inabeba mita 420 kwa 297, na nyumba ya mita kumi inaonekana sentimita mbili, ukubwa ambao mzee anaweza kuugusa kwa kidole. Watu hawasomi mistari ya kontua, ile ya kuonyesha mwinuko. Wanatambua rangi ya bati, mwembe na msikiti.

Mtego wa hatua hii ni mfumo wa majira, yaani namba zinazotaja mahali kwenye ramani. Michoro na upimaji wa zamani uko kwenye mfumo wa Arc 1960, UTM kanda ya 37 Kusini. Simu na GPS ya mkononi zinatoa namba za mfumo mwingine, WGS 84. Ukiweka namba za mfumo mmoja kwenye mwingine bila kuzibadilisha, eneo linahama karibu mita 300 kaskazini au kusini, na kama mita 90 hadi 100 kwa upande wa mashariki na magharibi. Ubaya wake ni kwamba mchoro wenyewe unabaki mzuri, pembe ziko sawa, kila kitu kimenyooka, ila uko juu ya mtaa wa jirani. Mpe mwanafunzi alama tatu zinazojulikana azikague kwanza. Na GPS ya mkononi hukosea mita tatu hadi tano. Ni ya kuonyesha duka liko wapi. Mpaka kati ya kuta mbili zilizoachana mita moja haupimwi kwa kifaa hicho.

Dodoso

Maswali yasizidi 15. Badala ya "nani mmiliki?", waulize mambo matatu kwa kutengana: nani alinunua au kurithi, nani anaishi hapa, nani anapokea kodi. Majibu yakitofautiana, simama hapo. Jina la marehemu haliandikwi kama mmiliki. Uliza kama mahakama imeteua msimamizi wa mirathi. Nyumba ya mume na mke iandikwe majina yote mawili, na mke aulizwe mwenyewe, maana mume akiulizwa peke yake husahau. Karatasi ya mauziano ikiwepo, isomwe palepale na kurudishwa palepale. Mwanafunzi asiondoke na karatasi halisi ya mtu hata kwa nusu saa.

Asichanganye pia leseni ya makazi na hati miliki. Leseni ni ya muda mfupi na haikuhitaji upimaji kamili, na mwenye nayo mara nyingi huamini ameshamaliza.

Njia

Hapa tumieni wiki mbili nzima.

Lori la majitaka na gari la zimamoto lina upana wa mita 2.5 hivi, bila vioo. Njia ya mita tatu iliyonyooka inapitika kwa shida. Mita nne dereva anapita bila kukwaruza ukuta, na bajaji inaweza kumpisha. Chini ya hapo ni njia ya miguu, na si dhambi kuwa nayo, ilimradi mpira wa gari la majitaka unafika kwenye choo cha mwisho. Urefu wa mpira huo usibuniwe mezani: mwanafunzi amtafute dereva, wauvute pamoja, wapime.

Chukua njia ya mita mbili yenye urefu wa mita 60, viwanja vinne kila upande, kila kimoja na uso wa mita 15. Kuifikisha mita nne, kila kiwanja kinatoa mita moja kwa 15, yaani mita za mraba 15. Kwenye kiwanja cha mita za mraba 300 hiyo ni asilimia tano. Ukichukua upande mmoja tu, wanne wanatoa asilimia kumi na wanne wanashangilia, na wale wa kwanza watakataa kwa haki. Waelezeni watu kwa vipimo vyao: mita za mraba 15 ni chumba cha futi kumi kwa kumi na sita. Hapo kila mtu anajua anaombwa nini. Kwenye kona kateni pembetatu ya mita tatu kwa tatu. Ni mita za mraba nne na nusu tu, lakini bila hiyo lori halikunji hata kama njia zote mbili ni za mita nne.

Mgawanyo sawa ni pa kuanzia, basi. Mstari ukikuta ukuta wa tofali upande mmoja na uzio wa michongoma upande wa pili, unasogea kwenye michongoma, na wenye tofali wanamwambia jirani yao asante mbele ya mjumbe. Cha kuchunguza kuliko kuta ni mashimo ya vyoo. Mengi yako mbele ya nyumba, yamefunikwa na zege jembamba na kufagiliwa vizuri. Njia ikipanuliwa juu yake, lori la kwanza litazama. Kila shimo liwekwe kwenye ramani kabla ya kujadili mstari, kwa kumuuliza mwenye nyumba "choo kinanyonywa wapi?"

Makubaliano yakifikiwa, majirani wa pande zote watembee mstari pamoja, mwanafunzi apigilie vigingi vya mti na kuvipaka rangi. Visiwe vya zege. Bikoni, zile alama za zege za mpaka, ni kazi ya mpima, baada ya mchoro kuidhinishwa. Mpangamiji anayechimbia zege ameanzisha mpaka wa uongo ambao watu watauzia ardhi. Sahihi zichukuliwe siku hiyohiyo: mwenye nyumba, mwenzi wake, jirani, mjumbe. Ukisema "kesho", usiku kuna shemeji atakayetoa ushauri.

Maji

Mwanafunzi atoke mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, masika au vuli, aulize kila nyumba maji yalifika wapi, na apime alama ukutani kwa sentimita. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Bonde la Msimbazi limefurika tena na tena tangu hapo. Ile mita 60 ipimwe kutoka ukingo wa mto. Kupima kutoka katikati ya maji ya kiangazi ni njia ya kuingiza nyumba ambazo hazikupaswa kuingia.

Mteremko hupimwa kwa mpira wa maji unaoonekana ndani, ule wa mafundi ujenzi. Kwenye mita kumi, tofauti ya sentimita kumi ni asilimia moja. Tofauti ikiwa sentimita tano, mtaro utajaa mchanga na chupa kabla masika hayajaisha, kwa hiyo hapo upangwe usafi au mkondo mwingine. Na mtaro uwe na mwisho. Mchoro mwingi wa wanafunzi una mtaro unaoishia pale karatasi inapoishia; muulize maji yanaenda kwa nani.

Mchoro na kitabu

Kuchora kwenyewe kunachukua wiki moja kama yote hayo yamefanyika. Kabla ya kuwasilisha, mwanafunzi akague kila kiwanja kwa kidole: kina njia? Kiwanja kimoja kisicho na njia kinatosha kurudisha mchoro. Kisha rudini kwa wananchi na mchoro uliokamilika, Jumapili alasiri, saa mbili zisizidi, wapangaji nao wakaribishwe kwa kuwa ndio wanaopita njia hizo usiku. Ndipo upite kamati ya halmashauri inayohusika na mipangomiji, uende kuidhinishwa kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa, kisha mpima aingie, na hati mwisho kabisa. Mwanafunzi ajue mpangilio huo kwa moyo, maana ataulizwa "hati lini?" kila siku.

Kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila jioni. Usajili wa wataalamu wa mipangomiji upo kwa Sheria Na. 7 ya 2007, na Bodi ya usajili huo inapompima mtu inaangalia alichofanya kwa mikono yake. "Nilienda eneo la kazi" haina thamani. "Nilisikilizana na nyumba sita kati ya nane, njia ya mita 60, mbili zimekataa kwa sababu ya shimo la choo" ina thamani, na wewe msimamizi usisaini ile ya kwanza.

Mtihani wa mwisho ufanyike bila ramani. Mwanafunzi akutembeze kuanzia barabara ya gari hadi nyumba ya ndani kabisa, akisema kila kona upana uliokubaliwa na nani alitoa nini. Akimaliza, nakala moja ya mchoro ipigiliwe ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, usawa wa macho, mbali na dirisha ili jua lisiifute, na kalamu ifungwe kamba pembeni yake kwa atakayeona jina lake limekosewa.